Lita Moja kwa Beti Nne

Siku Anyosisye alipochukua msumeno wa chuma na kuzikata sinia mbili za harusi yao, Tabita mkewe alikaa kwenye kigoda uani akamtazama mpaka sinia ya kwanza ikawa vipande sita. Ndipo akasema, "Baba Enesi, ukimaliza hizo kuna kitanda ndani. Nacho ni cha chuma."

"Kitanda kinashika kutu," Anyosisye akajibu bila kuinua kichwa. "Hizi hazishiki."

Ndivyo alivyokuwa mzee huyo. Wewe unamtania, yeye anakujibu kwa sayansi. Miaka ishirini na sita alikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari, mtu wa kuosha chupa na kufungia asidi kabatini, na kila mwaka alimwona mwalimu wa kemia akipitisha umeme kwenye maji. Maji yanavunjika, yanakuwa gesi, ukisogeza kiberiti gesi inalia pa! na inawaka bila moshi hata chembe. Wanafunzi walikuwa wanapiga kelele, na yeye pale nyuma na kitambaa chake begani alikuwa anafurahi kuliko wote. Kisha mwaka wa tisini na tano wakapunguza wafanyakazi. Akapewa barua, akarudi kijijini kwao Iyula kwenye kahawa na mahindi, kimya. Mwaka mzima watu wa pale hawakumsikia akicheka.

Sasa nisizunguke. Moshi ulikuwa unammaliza Tabita. Alikuwa amepika kwa kuni miaka thelathini na moja, ndani ya jiko la matofali lenye kidirisha cha kupitisha kichwa cha kuku, na kifua kilikuwa kimechoka. Mwezi wa sita daktari alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, akamgeukia Anyosisye. "Mzee, huyu mama atoke kwenye moshi. Akipitisha msimu mwingine wa mvua kwenye jiko hilo, na kuni zenu mbichi hizo, sitawadanganya. Hatafika mbali."

Walijaribu jiko la mafuta ya taa, harufu yake ikamkaba zaidi. Mkaa nao vilevile. Binti yao Enesi, aliyeolewa Mbeya mjini, akataka kumchukua mama yake akae kwake. Tabita akakataa katakata. "Nikae sebuleni kwa mkwe nihesabu mbao za dari? Na huyu nani atampikia?"

Na huyu, maana yake Anyosisye, akaitikia kwa kichwa, kwa sababu kweli, nani angempikia? Hapo ndipo alipoapa, tena mbele ya binti yake. Kabla mvua za mwezi wa kumi na moja hazijaanza, Tabita atapikia gesi ya maji.

Mtambo wenyewe ulikuwa hivi. Vipande vya sinia vilisimamishwa vikifuatana ndani ya boksi la betri kuukuu, na katikati yao akaweka vipande vya tyubu ya baiskeli ili visigusane. Akamimina maji ya mvua na kijiko cha kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Waya mbili zilitoka kwenye betri ya gari, ambayo kila wiki aliibeba kwa baiskeli kwenda kuichajisha kwenye mashine ya kusaga. Kwa juu ulitoka mpira wa dripu, ukapita kwanza kwenye chupa ya maji, ili moto usije ukarudi nyuma ukawalipua. Siku ya kwanza alipuliza gesi kwenye povu la sabuni akaliwasha kwa kijiti kirefu. Pa! Kuku walikimbilia kwenye migomba na hawakurudi mpaka jioni. Tabita akacheka mpaka akashika mbavu, akakohoa, akacheka tena, na Anyosisye naye akacheka. Ndicho kicheko cha kwanza tangu ile barua.

Lakini gesi haionekani, na kwa mtu wa maabara, kitu kisichoonekana lazima kipimwe. Akajaza maji chupa ya lita moja, akaipindua ndani ya beseni bila kuingiza hewa, akachomeka mpira mdomoni mwake. Gesi ikipanda, maji yanashuka. Maji yakiisha chupani, hiyo ni lita. Kilichobaki ni kujua imechukua muda gani, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana nyumba nzima haikuwa na saa. Ya mkononi ilitumbukia kisimani mwaka wa themanini na nane. Ya ukutani ilisimama saa tisa na robo Enesi akiwa darasa la pili, na hakuna aliyejisumbua nayo.

"Mimi nitakuimbia," Tabita akasema.

Usicheke. Tabita alikuwa amefundisha kwaya miaka ishirini na miwili, na waimbaji wake walikuwa wakisema mama huyu hakimbizi wimbo wala hauvuti. Anyosisye, mtu wa vipimo, hakuridhika kwa maneno. Akamwita jirani yao Abrahamu, mstaafu wa reli na mzee wa kanisa mwenzake, mwenye saa ya mkononi ambayo hakumwazima mtu yeyote, hata mchungaji. Tabita akaimba wimbo wa mavuno alioutunga mwenyewe. Ubeti mmoja na kiitikio chake ulichukua sekunde arobaini na tano. Akarudia: arobaini na tano. Mara ya tatu: arobaini na tano tena. Abrahamu akavua kofia.

"Shemeji," akasema, "wewe ungeendesha treni sisi tusingetukanwa na abiria."

Basi ikawa hivyo. Anyosisye akapiga magoti penye beseni, akaunganisha waya, akasema "Anza!" na Tabita kwenye kigoda chake akaanza. Chupa ilijaa wakati uleule alipomaliza ubeti wa nne. Jioni hiyo aliandika kwenye daftari, kwa ule mwandiko wake wa lebo za maabara: *13 Julai 1996. Lita moja kwa beti nne.* Chini yake akaandika lengo: *Lita moja kwa beti mbili.* Kwa hesabu zake, ambazo msiniulize mimi, gesi ikifika hapo moto utasimama imara chini ya sufuria ndogo, na mkewe hatakanyaga tena jikoni kwa kuni.

Kila Jumamosi wakawa wanapima. Mwezi wa nane alizisugua sinia kwa mchanga na majani ya msasa mpaka zikang'aa. Tabita akaimba, na chupa ikajaa akiwa katikati ya ubeti wa nne. Tatu na nusu! Anyosisye aliruka juu kama kijana aliyefunga goli. Mwezi wa tisa akaongeza kostiki. Beti tatu kasoro kidogo! Alizunguka uani akipiga makofi, akamshika mkewe mikono yote miwili, akambusu kwenye paji la uso mchana kweupe, jambo ambalo Iyula halifanyiki hata harusini.

"Umeona?" akasema. "Tatu hazijatimia!"

"Nimeona," Tabita akasema, akijifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Mungu ni mwema."

Jumamosi moja aliwasha gesi kwenye ncha ya bomba la kalamu ya chuma. Ulimi wa moto ulikuwa mdogo, na mwanga wa jua uliufanya usionekane. Akashikilia juu yake kikombe cha bati chenye maji, akashikilia, akashikilia, mpaka akabadilisha mkono. Kisha akampa mkewe. Tabita akanywa polepole.

"Yamechemka?" Anyosisye akauliza.

"Yamechemka," akasema, akanywa yote.

Unajua mwanamume akipenda jambo anavyokuwa. Hasikii, haoni pembeni. Mwezi wa kumi ulipoingia mawingu yakaanza kujikusanya upande wa milima ya Ileje, na Anyosisye akawa anaamka na mtambo na kulala na mtambo. Tabita aliingia jikoni asubuhi, akatoka akiwa ameegemea ukuta. Naye Anyosisye alikuwa anamwona, na alikuwa anaumia, Mungu ni shahidi, na dawa yake ya kuumia ilikuwa kukimbilia kwenye boksi la betri na kukaza nati. "Vumilia kidogo mama," alikuwa akimwambia. "Tumefika mbili na nusu. Tumebakiza nusu ubeti tu."

Wiki ya tatu ya mwezi huo alipanda pikapu mpaka Tunduma kutafuta kostiki nyingine na bomba jembamba la shaba. Pale mpakani, kati ya malori na watu wa kubadilisha kwacha za Zambia, kijana wa duka aitwaye Osward alimsalimia kwa Kibemba kama babu yake, "Mulishani, bashikulu! Njoo uone saa." Ilikuwa saa nyeusi ya plastiki, haina mishale, namba zinakimbia zenyewe. Ilikuwa na sekunde. Anyosisye akasimama pale akizitazama namba zile zinavyopita, akamfikiria Tabita na koo lake. Akainunua. Njiani kurudi aliishika kiganjani safari nzima, akitabasamu. Sasa mke wangu atapumzika kuimba, alijiambia, na daftari litapata namba za kweli.

Jumamosi akampangia. "Leo utaimba mara ya mwisho. Saa na wimbo viende pamoja, ili tuone vinapatana. Baada ya leo wewe kazi yako ni kukaa tu."

"Haya," Tabita akasema. Alikuwa amejifunika kanga mbili ingawa jua lilikuwa kali.

"Anza!"

Chupa ilijaa akiwa katikati ya ubeti wa tatu. Mbili na nusu, kama wiki iliyopita. Anyosisye akatazama saa. Sekunde mia moja themanini na mbili.

Akaitikisa. Mbili na nusu mara arobaini na tano ni mia moja kumi na mbili na ushee. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la nne anaijua. "Bidhaa za Tunduma bwana," akanung'unika. "Imekufa hata wiki haijaisha." Akavaa viatu, akaenda kwa Abrahamu kwa hatua za hasira. Wakaziweka saa mbili juu ya meza, ya reli na ya plastiki, wakazitazama dakika tano nzima wakiwa wameinamisha vichwa. Hazikupishana hata sekunde.

"Saa yako nzima," Abrahamu akasema. "Kasoro itakuwa kwingine."

Anyosisye alirudi polepole. Kwenye njia ile ya katikati ya migomba na kahawa akili yake ilikuwa inagawanya, kwa sababu ilishazoea kugawanya: mia themanini na mbili gawanya kwa mbili na nusu. Jibu lilipokuja alisimama. Akarudia hesabu tangu mwanzo. Jibu halikubadilika.

Tabita alikuwa bado kwenye kigoda. Anyosisye hakwenda kwenye beseni. Alikaa chini mbele yake, kwenye udongo, akiishika saa.

"Mama Enesi, niimbie ubeti mmoja."

"Mtambo hujauwasha."

"Achana na mtambo. Imba."

Tabita akamtazama, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Akaanza. Na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba, Anyosisye hakuwa na mapovu ya kutazama, alikuwa na uso wa mkewe tu. Akaona mishipa ya shingo ikisimama kila neno. Akaona mabega yakipanda juu kutafuta hewa, yakashuka, yakapanda tena kabla mstari haujaisha. Pale ambapo zamani aliuvuta mstari mzima kwa pumzi moja, sasa alipumzika mara tatu, na neno moja alilikata katikati. Kiitikio kilipoisha midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Saa ilisema sekunde sabini na nne.

Jamani. Wiki kumi na nne, mzee wa watu alikuwa amepiga magoti penye beseni na daftari lake. Sinia zilizosuguliwa, kostiki iliyoongezwa, nati zilizokazwa, vyote havikuwa vimeongeza hata kikombe. Gesi ilikuwa palepale, dakika tatu kwa lita, tangu siku ya kwanza. Iliyokuwa ikipungua ni pumzi ya Tabita, na kila ilipopungua, yeye mumewe alikuwa akiruka juu na kupiga makofi.

Akaweka kichwa chake juu ya magoti ya mkewe, mzee mzima, mzee wa kanisa, uani mwake, akalia kwa sauti.

"Basi, baba," Tabita akasema, akimpapasa kisogo. "Basi."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua tangu mwezi wa nane."

"Tangu mwezi wa nane! Na unaniacha nacheza ngoma kama mwendawazimu? Mwenzangu, kwa nini hukuniambia?"

Tabita alisubiri hewa imtoshe kwanza. "Mara ya kwanza kifua kilinibana tu, nikachelewa. Nikataka kukwambia tuanze upya. Nikainua macho nikakuona umeruka. Ulikuwa unacheka, Baba Enesi. Tangu wakurudishe na ile barua nilikuwa natafuta hicho kicheko kila mahali, nikikuombea usiku na mchana. Nikasema acha, kama pumzi yangu ndiyo inayokileta, na kiichukue."

"Sikitaki kicheko cha bei hiyo! Unanisikia? Sikitaki!" Alikuwa anamfokea na huku amemshika mikono asiachie. "Nakutaka wewe. Jumatatu tunakwenda Mbeya, Enesi atatupokea, wakupime upya, nawe hutabisha."

"Sitabisha."

Wakakaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye beseni. Kisha Tabita akajizoazoa, akashika ukuta ili asimame.

"Unakwenda wapi?"

"Jioni hii. Niinjike uji, hata chakula cha mchana hukula."

Anyosisye akamtazama anavyouelekea ule mlango mweusi wa jiko, mkono ukutani. Neno la daktari lilimrudia, na safari hii alilisikia lilivyosemwa. Daktari hakusema watafute moto usio na moshi. Alisema huyu mama atoke. Nani angepika, hilo daktari hakulisema, na katika nyumba ile hakuna aliyeliuliza kwa nia ya kujibiwa. Si Enesi, si Tabita, na si yeye mwenyewe, ambaye alikuwa tayari kuvunja maji yawe gesi kuliko kushika mwiko. Mwanamume wa Iyula mwenye mke hai akionekana anapika, watu wanasema amelishwa dawa, na mke ndiye anayeitwa mchawi. Anyosisye alilijua hilo tangu utoto, kiasi kwamba halikuwahi kumjia kichwani kama jambo la kufikiriwa.

Akanyanyuka. Akamshika mkewe mabega, akamrudisha, akamkalisha kwenye kigoda, akamvuta yeye na kigoda chake mpaka mbali kabisa na jiko, pale upepo unapopita kwenye kahawa.

"Kaa hapo. Unga wa uji uko wapi?"

"Baba Enesi! Watu watasema nini?"

"Nimekuuliza unga."

"Kwenye kopo la bluu," Tabita akasema, na macho yake yakajaa machozi. "Utauunguza."

"Nitauunguza."

Kuni zilikuwa na unyevu. Alipuliza mara tano zikakataa, mara ya sita zikakubali, na moshi ukamjia wote kwa mpigo mmoja, mnene, usio na pa kutokea, ukamwingia machoni na puani na kwenye koo. Akatafuta kidirisha kwa mikono. Akachuchumaa alipofikiri patakuwa na hewa, hapakuwa na hewa. Aliukoroga uji akiwa amefumba macho, akihema kwa vipande, na kwa nje alisikia Tabita akimwelekeza: punguza kuni, usiache kukoroga, toa mabonge.

Abrahamu, aliyekuja kuuliza habari za ile saa, aliingia uani akakuta shemeji yake amekaa kama mgeni na mzee wa kanisa mwenzake anatokea jikoni na mwiko mkononi. Akasimama akiwa amefungua mdomo.

"We, Anyosisye! Umelishwa nini?"

"Nimelishwa miaka thelathini na moja," Anyosisye akasema, akikohoa. "Leo zamu yangu. Kawaambie watu wote, usimsahau hata mmoja."

Abrahamu akaangalia uso wa mmoja, akaangalia wa mwingine, akaaga kwa heshima akaenda zake. Anyosisye akasogea hadi kwenye kigoda, akiwa ameinama, machozi na kamasi vikimtoka, masizi hadi kwenye nyusi. Ilimchukua muda kupata sauti.

"Tabita," akasema. Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Enesi azaliwe. "Miaka yote hii. Mbona hukuniambia humu ndani kukoje?"

Tabita akamfuta uso kwa kanga yake, taratibu, jicho la kwanza, kisha la pili.

"Hukuwahi kuingia," akasema.

Anyosisye akamshika mkono akaubusu, kisha akageuka akarudi jikoni mbio, kwa sababu uji ulikuwa umeanza kumwagika.